Mikono Iliyopiga Bati

Mghoi aliingia darasani amechelewa, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, na Kisombe hakumwachia nafasi ya kuketi.

"Ulifuata chumvi na Mwamburi?"

Darasa likacheka. Huo ulikuwa mzaha wa kijiji kizima cha Ndolwenyi. Mwamburi alikuwa mtu wa ukoo wa Mghoi, wa zamani sana, aliyeteremka mlimani siku moja kwenda Voi kununua chumvi na hakurudi tena. Tangu hapo kila aliyechelewa aliambiwa alikuwa naye. Mghoi mwenyewe alicheka kidogo, kwa mazoea, akaenda kukaa nyuma.

Mwalimu Mkawasi alingoja wanyamaze. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kabla ya kuwaruhusu watoto kuigusa Meza, mashine ya kusomea vitu vya kale, aliwataka wakiangalie kitu chenyewe kwa macho matupu, na ndivyo alivyofundisha kila kitu cha vita: kopo la maziwa, buti lisilo na kisigino, kibiriti chenye picha ya meli. Kwanza macho, halafu maswali. Mashine mwisho.

"Haya. Mnaona nini?"

"Mtoto wa Kizungu," akasema Kisombe.

"Mnene," akaongeza Mghoi. "Ana mashavu kama ya Mwalimu Mkuu."

"Mashavu ya Mwalimu Mkuu hayamo kwenye somo. Ameshika nini?"

"Biskuti."

Lilikuwa bati la tangazo, upana wake kama sinia kubwa la pilau, limepakwa enameli ya samawati iliyochomwa tanuruni. Juu ya kichwa cha mtoto palikuwa na maneno ya Kiingereza, na chini ya miguu yake mstari mmoja wa Kigujarati. Liliwahi kuning'inia mlangoni pa duka moja karibu na reli ya Voi, kabla Wajerumani na Waingereza hawajaanza kupigania ardhi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Upande wa kulia enameli ilikuwa imebanduka, ikaacha duara jeusi.

"Mtaita aliyeteremka kuuza kuku," akauliza Mkawasi, "asiyejua kusoma Kiingereza wala Kigujarati. Alipopita hapo mlangoni alielewa nini?"

Kisha Mghoi akasema, "Kwamba ndani kuna chakula. Tumbo halihitaji kusoma."

Mkawasi akatikisa kichwa kukubali. Sehemu iliyobaki ya habari za bati hilo hakuhitaji kuwafundisha, maana waliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Vita vilipochacha, duka lilifungwa na bati likapandishwa mlimani, likatundikwa barazani. Kisha ukaja mwaka wa wapagazi, askari wakapita kila kijiji kukamata wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Ndipo shujaa Kisombe alipotwaa fimbo akalipiga bati hilo, watu wakakimbilia mapangoni, na Ndolwenyi haikupoteza mtu hata mmoja. Shule ilipewa jina lake. Langoni alichorwa mtu mwenye ndevu na mikono ya mpiga kasia. Na kila mwaka, katika Siku ya Bati, mtu wa uzao wake mwenye jina lake alilipiga mbele ya kijiji kizima. Mwaka huu, Ijumaa ijayo, ingekuwa zamu ya Kisombe huyu wa darasa la tano kwa mara ya kwanza.

"Mzee, njoo," Mkawasi akamwita, kwa jina ambalo hata wenzake walimwita kwalo. "Ni haki yako kuanza."

Meza zililetwa na kaunti miaka miwili iliyopita. Hazikutoa sauti wala picha, na watoto waliotarajia sinema walinung'unika mwanzoni. Zilitoa mikono tu. Enameli ikigongwa hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho, na kila ufa hubeba habari ya pigo lililouzaa: lilitoka upande gani, lilikuwa zito kiasi gani, lilikuja kabla au baada ya jingine. Meza huzisoma nyufa hizo kwa mwanga, huzipanga kuanzia ile ya zamani zaidi, kisha huikokotoa mikono ambayo ingeweza kuzifanya. Anayevaa glavu zake huachia misuli, na mikono ya mtu aliyekwisha kufa huingia ndani ya yake.

Kisombe akavaa. Kwa kawaida glavu zilianza kwa kutanuka, zikajaa hewa hadi mkono wa mtoto ukawa mkubwa kama wa mtu mzima, na darasa likacheka. Safari hii hazikutanuka.

"Mwalimu, zimenikaa sawasawa," akasema.

Mkawasi alidhani pampu imekwama. Alikuwa akiinama kuiangalia wakati mkono wa kulia wa Kisombe ulipopanda wenyewe na kushuka juu ya ubao wa mazoezi.

Mapigo mawili ya polepole. Matatu ya haraka. Kimya. Mawili ya polepole. Matatu ya haraka. Kimya.

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akafungua begi, akatoa sahani yake.

"We, saa nne hii!" mwenzake akamkumbusha. Yule akaitazama sahani kama hajui ilivyofika mkononi mwake.

Hapo kila mtu akaelewa kwa wakati mmoja. Mdundo wa hatari hauna kimya katikati, hupigwa bila kupumzika hadi mkono ukate tamaa. Waliusikia kila mwaka Siku ya Bati. Huu ulikuwa mdundo mwingine. Huu ndio aliopiga mpishi wa shule kila adhuhuri kwenye rimu la gurudumu, na ndio uliopigwa katika nyumba za Ndolwenyi kwenye sufuria kuita watu waje kula.

"Mwalimu," akasema Mghoi, "hiyo ni ya chakula."

"Tunasikia, Mghoi."

"Kama aliwaita waje kula, si walikuja?" Sauti yake ilikuwa ikipanda. "Askari wakawa pale. Basi Mwamburi wetu hakwenda kununua chumvi!" Akasimama, akamnyooshea Kisombe kidole. "Miaka yote mnatucheka! Babu yako ndiye aliyemuuza, halafu mnatucheka!"

Kisombe alizivuta glavu kwa meno, akazitupa, akatoka nje mbio.

* * *

Watoto walipokwenda nyumbani, Mkawasi alirudia usomaji peke yake. Pampu ilikuwa nzima. Kipimo cha Meza kilisema mikono ni ya mtoto wa miaka tisa au kumi, na alipokirudia mara ya pili kilisema vilevile. Hakushangaa sana kama alivyodhani angeshangaa. Shujaa alikufa mzee wa miaka themanini na kitu, binti yake wa mwisho bado yu hai, na mtu yeyote mwenye kujua hesabu ya kutoa angeweza kupata umri wake mwaka ule wa wapagazi. Hakuna aliyetoa. Walichora ndevu.

Akaanza kukumbuka kitu kingine. Ukoo wa Mghoi ulikuwa na Mwamburi wa chumvi. Nyumba ya mpishi ilikuwa na mtu aliyefuata nyuki msituni. Kwao Mkawasi mwenyewe palikuwa na ndugu wawili waliosemekana kuhamia Upare. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyetoka kwa shughuli ndogo na hakurudi, na yeye, mwalimu wa historia, hakuwahi kuwaweka watu hao mstari mmoja.

Mwalimu Mkuu, Mzee Mwadime, alimkuta bado ameketi mbele ya Meza. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia. Watoto thelathini hawafungiki mdomo.

"Umeshapeleka Hifadhini?"

"Bado."

Kila usomaji ulipaswa kupelekwa Hifadhi ya kaunti pamoja na sentensi moja ya mwalimu inayoeleza mikono ilikuwa ikifanya nini. Ukishapokelewa, haubadilishwi, na shule zote huufundisha. Mwenye kitu tu ndiye angeweza kuomba ufungwe, na usomaji uliofungwa ulikaa gizani miaka hamsini.

Mwadime akavuta kiti. "Andika, 'Mikono ya mtu akipiga bati.' Hapo umesema uongo gani?"

"Hakuna."

"Basi."

Mkawasi aliifikiria sentensi ile kwa haki. Ilikuwa safi. Isingemuumiza mtu yeyote, na huenda kuna siku ambayo sentensi ya namna hiyo ndiyo inayofaa. "Na watoto waliosikia?"

"Watoto husahau."

"Mwalimu Mkuu, mdundo huu una miaka zaidi ya mia moja na ishirini. Mashine haikuutambua. Wao waliutambua kabla hata sijainua kichwa. Hao ndio wa kusahau?"

Mwadime akalitazama lango kupitia dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameliombea lango lile rangi mpya kwa miezi mingi. "Mimi nakuuliza kitu kimoja tu," akasema. "Yule mvulana. Ijumaa asimame wapi?"

Swali hilo Mkawasi alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo.

* * *

Asubuhi Kisombe hakuja shule. Badala yake, wakati wa mapumziko, alikuja nyanya yake, Wakesho, binti wa mwisho wa shujaa, akipanda mteremko wa shule kwa mkongojo, akisimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Mkawasi alimkimbilia.

"Shikamoo, Nyanya. Kwa nini umepanda mwenyewe?"

"Marahaba. Nimekuja kukualika. Jumatano tunaponda mihogo na maharage ya kimanga, tunawalisha wanaotusaidia Siku ya Bati."

"Ungemtuma Kisombe."

"Kwetu mtoto hatumwi kuita watu." Alisema hivyo kama mtu anayetaja rangi ya mlango wake. Kijiji kilizoea, wengine walisema nyumba ile ina majivuno, wengine walisema ina woga. "Hata hivyo, baba yangu huyo tangu jana hataki kula wala kusema. Nimeona nije nijue mlimfanya nini."

Alimwita mjukuu wake baba, kwa kuwa ndiye aliyebeba jina la baba yake.

Mkawasi akamketisha darasani, akamweleza yote kwa mpangilio: nyufa, mdundo, sahani ya yule mtoto, maneno ya Mghoi. Hakupunguza wala hakupamba. Wakesho alisikiliza huku akilitazama bati.

"Lifunge," akasema.

"Ni haki yako, Nyanya, bati ni la kwenu. Ukisema hivyo nitafunga."

"Baba yangu hakuwa mtu wa kuuza watu."

"Sikusema aliuza. Meza haijui nani alimtuma, wala aliambiwa nini. Inajua mikono tu. Ilikuwa mikono ya mtoto, Nyanya. Saizi ya huyu wetu."

Kikongwe aligeuza uso polepole. "Mtoto?"

"Wa miaka tisa, kumi."

Nje mpira uligonga ukuta, watoto wakapiga kelele ya goli. Wakesho aliinua mikono yake iliyopinda kwa baridi yabisi, akaiangalia, kisha akainyoosha mbele ya mwalimu.

"Nivalishe."

"Zitakuumiza."

"Nimezaa saba, mwalimu. Nivalishe."

Mkawasi alipunguza nguvu ya glavu hadi mwisho wake. Mkono wa kizee ukapanda. Mawili ya polepole. Matatu ya haraka. Kimya. Mara ya kwanza Wakesho alifumba macho. Mdundo ulirudi na kurudi, wa furaha, wa mtoto aliyepewa kazi ya wakubwa.

"Nyanya, jana darasani hatukufika mwisho," Mkawasi akasema kwa sauti ya chini. "Mwisho uko tofauti. Nisimamishe?"

Wakesho akatikisa kichwa kukataa, na Mkawasi akaiacha Meza iendelee.

Mapigo yalilegea. Mkono wa kulia ulichoka, fimbo ikahamia wa kushoto, ikapiga vibaya, nje ya duara. Mawili. Matatu. Mawili. Kisha likaja pigo moja ambalo Meza ilikuwa imelionyesha kwa alama ya pekee, kwa sababu nyufa zake zilikatika ghafla, kama wimbi lililokuta ukuta. Mkono wa kulia wa Wakesho ulishuka ukiwa wazi, kiganja kikalala juu ya ubao, kikakandamiza. Kikabaki hapo.

"Hapo alilinyamazisha," Mkawasi akasema. "Kitu fulani alikiona."

Wakesho hakuondoa kiganja hata glavu zilipozimika. Alisema kana kwamba anaongea na meza.

"Nilikuwa msichana. Mama aliniambia niwaite dada zangu shambani, nikachukua sufuria na mwiko nikapiga hivyo hivyo. Baba akatoka ndani. Hakunipiga, hakunikemea. Aliweka kiganja juu ya sufuria, hivi, mpaka ikaacha kulia. Akasema, 'Ataita mtu mzima.' Akateremka mwenyewe shambani kuwaita, na mguu wake mbovu." Akakitazama kiganja chake. "Mimi miaka yote nilidhani kelele zilimuudhi."

"Alikuwa akisimulia habari ya bati?"

"Alikuwa akisema, 'Nililipiga bati.' Basi. Ukimwuliza zaidi, anasema ana kazi. Hayo mengine, mapango na nini, tuliyatia sisi." Alitabasamu bila furaha. "Alipochorwa langoni hakupita tena lango lile. Alizungukia nyuma, kwenye migomba. Tukasema uzee."

Mkawasi alingoja. Alikuwa amejiandaa kuandika sentensi yoyote kati ya mbili, ile ya Mwadime au nyingine yenye ukweli wote, na alijua kwamba mwisho wa yote mkono utakaoandika ni wake.

"Usifunge," akasema Wakesho. "Kwa kina Mghoi nitakwenda mwenyewe."

* * *

Alhamisi Mkawasi aliwabakiza Kisombe na Mghoi baada ya vipindi. Waliketi mbali mbali, kila mmoja akitazama dirisha lake. Akampa Mghoi glavu.

"Mimi? Si zake?"

"Ni za darasa."

Mghoi alivaa akiwa amekunja uso. Alipiga ule mdundo wote kutoka mwanzo hadi kiganja. Alipomaliza alizivua taratibu, akazipanga mezani, moja kando ya nyingine.

"Na mimi zimenikaa," akasema. Halafu, bila kumtazama mwenzake: "Wee Mzee."

"Nini?"

"Mtu akikuambia kuna nyama, piga bati uite watu. Ungepiga?"

Kisombe alifikiri. "Ningepiga."

"Mimi ningepiga kwa nguvu zaidi yako. Wewe mikono yako ni ugali wa jana."

Kisombe alitaka kukasirika, ikamshinda, akacheka kwa pua. Mkawasi akawageuzia mgongo, akafungua skrini ya Hifadhi na kuandika: *Mikono ya mtoto wa miaka kama kumi. Inawaita watu waje kula. Mwishoni inalinyamazisha bati. Aliyemtuma hajulikani.* Meza ikalalamika kwamba inataka sentensi moja. Akafuta nukta, akatia mikato, akaipeleka.

* * *

Ijumaa uwanja ulijaa. Katika siku zile chache Wakesho alikuwa amepita nyumba baada ya nyumba na mkongojo wake, si kwa kina Mghoi tu, na kila alikotoka watu walibaki wakimtaja mtu wao wa chumvi, au wa nyuki, au wa Upare. Walikuja wote, lakini walisimama mbali, ukingoni mwa uwanja. Katikati sufuria kubwa zilitoa mvuke. Bati lilitundikwa mahali pake, mtoto mnene ameshika biskuti yake. Mwalimu Mkuu Mwadime hakutoa hotuba. Alimwashiria tu Kisombe.

Mvulana akatoka na fimbo. Alitembea vizuri hadi hatua za mwisho, kisha miguu ikagoma. Alisimama mbele ya bati, fimbo mkononi, na uwanja mzima ukimtazama mgongo. Mkawasi alipiga hatua moja kumfuata, lakini mkongojo ulikuwa umekwisha kugonga ardhi mbele yake.

"Baba," akasema Wakesho. "Lete hiyo fimbo."

Kisombe akageuka.

"Wewe ni mtoto. Nenda ukakae ule. Ataita mtu mzima."

Akampa. Nyanya akaegemeza mkongojo kwenye nguzo, akajishikilia kwa mkono mmoja, akapiga. Mawili ya polepole, matatu ya haraka, kimya. Hakuna aliyejongea. Kila mtu pale alikuwa anajua sasa mdundo ule uliwahi kuita nini. Akapiga tena. Mama mmoja akamshika mtoto wake bega.

Kisha Mghoi akajitoa kwenye kundi la kwao, sahani mkononi, akaukata uwanja peke yake. Alitembea polepole, akiangalia kulia na kushoto. Alipofika alijaziwa kimanga, akaenda kuketi kando ya Kisombe.

"Umechelewa," Kisombe akaanza, halafu akaufunga mdomo.

Mghoi akamsogezea sahani.

Baada yake akaja baba yake, halafu mpishi, halafu wengine kwa wengine, nyumba kwa nyumba, na Wakesho hakuacha kupiga. Fimbo ilihama mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Mkawasi alikwenda kumpokea, naye akakataa kwa kichwa. Alipiga mpaka mtu wa mwisho alipoketi na sahani yake. Ndipo alipoweka kiganja juu ya bati, akakiacha hapo, mpaka lilipoacha kutetemeka.